Simbilisi wa Siku ya Saba

Jumatatu saa mbili asubuhi Prudencia alifungua chumba cha wanyama katika maabara moja ya Buswelu, akavaa barakoa na glavu mbili mbili, akakuta simbilisi kumi na wawili wa kizimba cha kushoto wamekufa. Hao ndio waliokuwa wanapewa dawa mpya. Siku tatu nyuma yeye mwenyewe aliwadondoshea virusi vya mafua puani, wao na wenzao wa kizimba cha kulia. Wale wa kulia, waliopewa maji matupu, walikuwa wanakohoa, lakini walikuwa wanakula majani.

"Shikamoo, mzee Machibya. Njoo uone."

"Marahaba." Mhudumu wa vizimba aliinama, akawainua mmoja mmoja kwa miguu ya nyuma. Walikuwa wamekakamaa, damu imewaganda puani.

"Dawa imewaua," Prudencia alisema.

"Imewaua." Aliwatia kwenye mfuko, akaufunga fundo, akaufungia kwenye friza.

Daktari Ndalahwa, mwenye utafiti, alisoma daftari akiwa amesimama. Aliukata mstari ambao Prudencia alikuwa ameandika vifo, akaandika kwamba wote kumi na wawili wako hai na wazima, na kwamba watauawa siku ya saba ili mapafu yao yapimwe, kama mpango unavyosema.

"Daktari, wako kwenye friza."

"Mkaguzi anakuja siku ya saba," Ndalahwa alisema. "Wewe andaa meza."

Siku ya saba, saa tatu na dakika kumi, friza ilifunguka kwa ndani. Simbilisi walitoka na barafu kwenye manyoya, wakavuka sakafu wakifuatana, wakasimama chini ya meza ya Prudencia. Hawakukohoa. Mzee Machibya aliwapangusa kwa taulo, akawapandisha mezani.

Mkaguzi, mwanamke mpole aitwaye Hellen, alimgusa mmoja. "Wa baridi kidogo," alisema, akaandika kumi na wawili.

Prudencia alimbana wa kwanza kichwa kwa mkono wa kushoto, akavuta mwili kwa mkono wa kulia. Shingo ilikatika. Simbilisi alipiga kelele akiwa tayari amevunjika shingo, akaendelea kulia mkasi ukipasua kifua na mbavu zikikatika, mpaka mapafu yalipowekwa kwenye mizani. Hapo akanyamaza. Wa pili alimng'ata Prudencia akatoboa glavu zote mbili. Wa tano alijivuta hadi ukingoni mwa meza na kifua chake kimefunguliwa, ikabidi mzee Machibya amkandamize kwa viganja viwili. Damu nyeusi iliruka mpaka kwenye miwani ya mkaguzi, naye akaifuta. Kufikia wa kumi, Prudencia alikuwa bado anavunja.

Mapafu yalikuwa safi. Maini yalikuwa yameyeyuka, yanatiririka mezani kama uji.

"Mheshimiwa, angalia maini," Prudencia alisema. "Hawa walikufa siku ya tatu."

Hellen alipekua karatasi zake mbele na nyuma. "Fomu inauliza mapafu," alisema.

Jioni hiyo Prudencia aliandika barua kueleza vifo vya siku ya tatu, akaipeleka kwa wakubwa wa Ndalahwa. Kesho yake alihamishiwa kuosha chupa. Dawa ikapita.

Baada ya miezi minane ilianza kujaribiwa kwa watu, kwenye zahanati moja ya Mkuyuni. Prudencia alikwenda kuwazuia wagonjwa wa mafua waliojiandikisha. Kwenye benchi alimkuta mzee Machibya na mkewe, Getruda, ambaye midomo ilikuwa imemgeuka rangi ya majivu.

"Mzee Machibya, ule mfuko uliufunga wewe."

"Niliufunga."

"Na maini uliyaona."

"Niliyaona, mama." Alimvutia mkewe khanga mabegani. "Hospitali wameniambia Jumapili hafiki. Wale walikaa siku nne kwenye barafu, wakatoka wenyewe kwa miguu yao."

Getruda alikohoa, akatema damu kwenye kitambaa, akakikunja vizuri.

Nesi aliita jina lake. Mzee Machibya alimwinua, lakini peke yake hakumweza. Prudencia akamshika mkono wa pili, wakamwingiza ndani.