Si Mchawi Mwema

Boksi la vitabu vya msaada lilifika shule ya kijiji cha Ipole mwezi wa kumi, na Mwalimu Adelina akachagua kimoja cha kuwasomea watoto wa darasa la tatu. Kilikuwa na picha kubwa za rangi: mchawi mwenye kofia ndefu nyeusi, maboga yaliyotobolewa macho na meno, na watoto waliovaa vinyago wakipita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Ni sikukuu ya huko Ulaya na Marekani, akawaeleza, inaitwa Halowini. Mchawi wa kitabu hicho hakumdhuru mtu. Aligawa pipi hadi zikamwishia, kisha akawapandisha watoto kwenye ufagio wake na kuruka nao angani.

Watoto walicheka sana. Adelina alikuwa na miezi saba tu pale kijijini, na alikwisha kuwaona wakimkimbia Bibi Levina njiani kwa sababu ya macho yake mekundu. Akaona hapo ndipo pa kuwafundisha huruma.

"Mmeona?" akasema. "Hata mchawi anaweza kuwa na moyo mzuri. Kwa hiyo msimkimbie tena Bibi Levina."

Jioni hiyo watoto sita walisimama uani kwa Levina, mwenyewe akimenya karanga.

"Shikamoo, bibi mchawi mwema!" wakaimba. "Tunaomba pipi!"

Levina akaweka ungo chini. "Nani kawafundisha salamu hiyo?"

"Mwalimu! Kasoma kitabuni."

Ng'ambo ya ua alikuwapo jirani yake Jilala, ambaye ndama wake wawili walikufa mwaka ule. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo hata mwalimu kathibitisha."

Levina alijua neno "mchawi" linakoishia. Dada yake Leonia alianza kuitwa hivyo kule Igunga kwa utani tu, na akazikwa na majeraha ya panga.

Asubuhi akavaa kitenge cha kanisani, akaenda shuleni na kuingia darasani bila kubisha hodi.

"Shikamoo, bibi," Adelina akainuka. "Jana tulikusema kwa wema..."

"Nimeusikia wema wako. Sikuja kuushukuru." Akawageukia watoto. "Nitazameni macho. Misimu thelathini nimechochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Wekundu huu ni wa moshi. Mimi si mchawi mbaya, wala si mchawi mwema. Mimi ni Levina binti Kasimiri, mkulima."

Uso wa Adelina ulimshuka. Akakishika kile kitabu. "Nisamehe, bibi. Nitakichana."

"Ya nini? Huyo wa kwenye karatasi ana kwao, aendelee kugawa pipi. Uliyembandika jina ni mimi. Watoto wamelipeleka kila nyumba. Twende ukalibandue."

"Sasa hivi? Nina kipindi."

"Na mimi nina shingo."

Wakaanza kwa Jilala, majirani wakasogea kusikiliza. Adelina akasema mwenyewe kwamba alikosea, na kwamba bibi huyu si mchawi wa aina yoyote.

Jilala akakuna kichwa. "Mimi nilitania tu, mwalimu."

"Rudia utani wako," Levina akamwambia. "Mwalimu huyu hapa, majirani hawa wamejaa. Rudia tucheke wote."

Jilala akatazama chini.

"Ndama wako waliuawa na kupe. Nilikwambia uwaogeshe dawa, ukakaidi."

Hatimaye Jilala akamwamkia shikamoo, salamu ambayo hakuwa amempa tangu ndama wale wafe. Levina hakuitikia. Alikwisha kushika njia ya nyumba ya pili, Adelina nyuma yake, vidole vikiwa bado na vumbi la chaki.

Iliwachukua siku tatu. Nyumba mbili zilikataa kuwafungulia. Huko Levina alisimama nje ya mlango, akasema yote kwa sauti ya juu, jina lake la kwanza na la baba yake, mpaka akamaliza.