Mama Mkwe wa Ukutani

Ukisikia watu wanausifu ule mtaa wa Makanyagio, usibishe. Unaanza na duka la vikapu la Aurélie, unapita chumba cha Fabrice kilichojaa picha hadi darini, halafu unafuata harufu ya samaki mpaka mgahawani kwa Épiphanie. Watu walikuwa wanatoka Mwamkulu kwa bodaboda kuja kutembea tu, washangae weee, kisha wale.

Hapo kwenye kula ndipo balaa lilipoingia.

Épiphanie, mjane mwenye mkono mtamu na mdomo mkali, alimwomba Fabrice amchoree sahani ya wali na samaki kwenye ukuta wa nje, ivute wateja. Kijana akachora. Akachora kupita kiasi. Mvuke unauona, mchuzi unataka kumwagika. Watu wakaja, wakanawa mikono kwa maji ya Épiphanie, wakasimama mbele ya ukuta wakatazama. Wakatazama tena. Kisha wakabeua, wakaomba vijiti vya meno, wakaondoka.

"Karibuni ndani, chakula tayari!"

"Aa, mama, tumeshiba," alijibu Ponsian, fundi baiskeli, akilegeza mkanda. "Ila leo chumvi imezidi kidogo."

Chumvi! Ya ukutani! Ndani sufuria halijaguswa. Épiphanie aliona kabisa kwamba mambo yakienda hivi atafunga mlango, arudi kulima mpunga kwa wifi yake, na wifi mwenyewe alishaanza kumcheka.

Akamfuata Fabrice. "Kaifute ile sahani."

"Mama, ile haifutiki. Jana kuna mtu kaniomba nimwongezee mchuzi."

Épiphanie akafikiri. Kuna jambo moja ambalo pale mjini Mrundi, Mpimbwe na Msukuma hawabishani: mwanaume hali mbele ya mama mkwe wake. Bora alale na njaa.

"Basi nichoree mama mkwe pembeni ya sahani," akasema. "Awe anawakodolea macho."

Kesho yake Ponsian alinawa, akainua uso, akaruka nyuma kama kaona chatu. Akavua kofia. "Shikamoo mama," akauambia ukuta, huku akijificha mgongoni kwa mwenzake. Wanaume wote wakakimbilia ndani, njaa inawauma kwelikweli. Épiphanie jikoni akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Akapakua wali, akatoka nao.

Walipomwona, wakageuza nyuso. Mikono ikarudi mapajani.

Kumbe Fabrice alikosa sura ya kuiga, akachora ya Épiphanie mwenyewe, mpaka kidoti cha puani.

"Nyie, kuleni!"

"Tutakulaje, mama, na wewe umesimama hapo?" Ponsian alisema akiitazama sakafu. Wakatoka kinyumenyume, wameinama.

Épiphanie akabaki na sahani mikononi, machozi yanamlenga. Ndipo akaingia Jeniffer, mke wa Ponsian, anamtafuta mumewe. Akaona wali, akavuta kiti.

"Mimi yule wa ukutani hanihusu. Leta huo wali."

Akala, akawaita wenzake. Jua lilipofika utosini mgahawa ulikuwa umejaa wanawake, wanatafuna na kusema watu. Nje wanaume walijipanga kwa adabu kumsalimia mkwe wao kwa zawadi, huyu na mzigo wa kuni, Ponsian na jogoo kwapani.

"Weka hapo, mkwe wangu," Épiphanie alimwambia, sauti ya upole kama mgonjwa. "Na hizo kuni zipasuliwe."

Ponsian akapasua kuni, jogoo wake akapikwa, mkewe akapewa paja.