Roli za Msafi

Kiwandani walimwita Msafi, na jina lilimkaa. Kila asubuhi, kabla hajawasha mashine ya kuchanganyia mpira, alizifuta roli zake mbili, vile vyuma vya mviringo vinavyosaga mpira, mpaka zinang'aa. Ukiingia mle na viatu vya vumbi, utakiona cha mtema kuni.

Sasa usafi wote huo, na kazi imegoma. Mteja alitaka mpira mmoja usioharibika kwa mafuta wala usiolika upesi. Aina mbili za mpira wa viwandani zilikuwepo, moja ina sifa hii, nyingine ina ile, lakini ukizichanganya hazipatani hata kwa dawa. Kwa macho zimeshikana, ukivuta, zinaachana. Bosi alishachoka kubembelezwa: kipande cha leo kikiachana, chumba cha kuchanganyia kinafungwa, na Msafi anakwenda nyumbani.

Mpimaji alikuwa mkewe. Ndiye aliyekibana kipande kwenye mashine ya kuvutia mpira, mumewe kando yake, roho juu juu. Kikabanduka matabaka kama kitunguu.

"Cha arobaini hiki," mke alisema. "Na kile kimoja kilichokubali kushikana? Siku ile ulifanyaje?"

"Yale yale! Vipimo vile vile, joto lile lile. Nilichelewa tu, si tulimpeleka mtoto hospitali? Nikawasha mashine hivyo hivyo, hata roli sikuzi..."

Siku ile hakuzifuta.

Na siku moja kabla ya hapo alikuwa amesaga mpira wa aina ya tatu, wa zamani, na mabaki yalikuwa yameganda kwenye roli. Mabaki yale ndiyo yaliyozipatanisha zile aina mbili! Miezi minne anaumiza kichwa, kumbe kila asubuhi alikuwa anaifuta dawa kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Basi tukauchukue stoo!" mke alisema alipoelezwa, uso umechangamka.

"Haupo. Waliokuwa wakiutengeneza walishafunga kiwanda. Yale magunia matatu ya mwisho niliyatoa mimi yakachomwe, siku ya usafi wa stoo. Si mlinipigia makofi?"

Mke alikumbuka. Yeye ndiye aliyeanza kupiga. Akainama akaandika matokeo kama yalivyo, maana bosi alikuwa mlangoni anasubiri karatasi.

Msafi alirudi kwenye mashine yake. Aliumia, jamani, aliumia mpaka akakosa hata la kulaani. Mkono ukachukua kitambaa wenyewe, akaanza kufuta roli. Mkewe alimfuata, akamshika mkono taratibu.

"Acha, baba. Hakuna atakayezitumia kesho."