Kimya cha Katikati

Nyumbani wanamwita Chiriku, na wala hawajamwonea. Wiki nzima, pale dukani kwa miwani anapofanya kazi, alikuwa anawapima watu macho huku anawasimulia bendi.

"Soma mstari wa chini, mama. Jumapili wanakuja! Hapahapa! Muziki wa metali, tena ile progresivu, wimbo mmoja unageuza mapigo mpaka unasahau ulianzia wapi. Unaona vizuri?"

"Kuona naona," mteja akamjibu, "masikio ndiyo yamechoka."

Kikubwa alichokisubiri ni mwisho wa ule wimbo wao mrefu. Wimbo unapanda, unapanda, halafu kimya. Taa za jukwaa zinazimika, hata kikohozi hakuna. Halafu ngoma inaingia peke yake kwa mapigo saba, na magitaa yanaiangukia kama bati lililong'olewa na upepo. Kwenye simu alishausikiliza mpaka spika ikapasuka. Ana kwa ana, hajawahi. Na bendi yenyewe ilishatangaza: baada ya ziara hii, wimbo huo hawaupigi tena.

Bahati nzuri, fundi umeme wa ukumbi ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Jumapili alasiri akampitisha mlango wa nyuma, akamsimamisha mbele kabisa. Ila naye alikuwa na lake.

"Mwenye ukumbi kaniambia wakimaliza tu nikate umeme wa jukwaa, mitambo isije ikaungua tena. Sasa kwa makelele haya, mimi nitajuaje wamemaliza?"

"Aa, mjomba, rahisi hiyo! Wakinyamaza kabisa na taa zao zikizimika, ndiyo basi tena."

"Una hakika?"

"Hakika ya Mungu! Jamani, umeiona ngoma yao ilivyo?" Na huyo, alishakimbia.

Wakapiga, wakapiga kweli. Chiriku akaimba mpaka sauti ikakauka. Mwishowe ukaja wimbo mrefu. Ukapanda, ukapanda. Kimya. Giza. Chiriku akafumba macho, vinyweleo vimemsimama, pumzi ameibana.

Nyuma ya pazia kukasikika: klak!

Ngoma ikaingia, lakini kavu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Magitaa yakafanya tiki, tiki. Taa za dari zikawaka, milango ikafunguliwa, watu wakaanza kuzomea. Chiriku alijua kabla ya ukumbi mzima. Miguu ikamtangulia nyuma ya jukwaa.

"Mjomba, washa! Washa!"

"Niwashe nini? Wamenyamaza, taa zimezimika, nimekata palepale." Mjomba alikuwa anatabasamu. "Sijachelewa hata kidogo."

"Hawajamaliza! Kile kilikuwa kimya cha katikati!"

"Kimya cha katikati ndiyo mdudu gani? Mtu akinyamaza si amenyamaza?"

"Mjombaaa!"

"Usinipigie kelele. Wiki nzima umenisimulia mpaka ndevu za mpiga gitaa. Hicho kimya mbona hukunisimulia?"

Mjomba akarudisha swichi, lakini mitambo ilijivuta kuamka kama mtoto wa shule Jumatatu, na ilipoamka, wapigaji walishapunga mikono kwa hasira wakaondoka zao.

Ukumbi ukabaki mtupu. Chiriku akakaa juu ya kasha la nyaya, amevimba kama andazi, hajui amkasirikie nani zaidi, mjomba au mdomo wake mwenyewe. Mjomba akawa anakunja nyaya, anamtazama kwa pembeni.

"Haya, nipigie basi hicho kipande kilichonitia matatani."

Chiriku akaligonga kasha kwa viganja, machozi yakimlenga. Mjomba akaingilia kwa makofi, nne, nne, kama yuko harusini.

"Saba, mjomba! Saba!"

"Hiyo ya saba inakuja kufanya nini, wenzake wameshamaliza?"

Chiriku akaacha mikono hewani. Kwa mara ya kwanza wiki ile, hakuwa na la kusema.

Mjomba akasubiri, akasubiri, kisha akauliza taratibu, "Sasa hapo umemaliza, au ni katikati?"