Vifaranga wa Juu ya Kabati

Mayai ya mbuni juu ya kabati la sebuleni yalikuwa matupu. Yalishatobolewa, yakamwagwa ute, yakapakwa vanishi, na Peres aliyapangusa vumbi kila asubuhi akimaliza vyombo. Hapa ni Kitisuru, mwaka wa sabini na mbili. Haron na mkewe Philister waliinunua nyumba kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Waliinunua pamoja na viti, mbwa, cheo cha memsabu, na ile sheria kwamba mtoto wa mtumishi haruhusiwi kukaa humu.

Jumanne moja mayai yakapasuka. Wakatoka vifaranga, manyoya yamesimama kama brashi ya chupa. Wakamtazama Peres.

"Mama," wakasema, "nyanya amenichapa."

Ilikuwa sauti ya Dalmas, mwanawe, aliyeachwa kwa nyanya yake kijijini Maragoli. Peres akafagia maganda.

"Umefanya nini tena?"

Tangu hapo walimfuata kwa foleni: jikoni, kwenye kamba ya nguo, mpaka mlango wa choo. Honi ya gari la Haron ikilia getini, walijitupa kwenye nyasi, shingo chini, wakajifanya wamekufa.

"Hawa wameandikwa lini?" akauliza Mwololo, bawabu. "Mbona kazi wameshaijua?"

Philister aliwapenda sana. Aliita wenzake kwa chai waje wawasikie. Kifaranga mmoja alipotangaza kwamba jana amelala njaa, wageni walipiga makofi, na mama mmoja wa Kileleshwa akauliza kama kuna wa rangi nyingine.

Baridi ya Julai ilipoingia, Philister aliamuru vifaranga walale chumbani kwa Peres, juu ya godoro, na wapewe uji wa maziwa. Peres akaona hapo hapo ndipo pa kusemea.

"Memsabu, kama hawa wanalala kwangu, si nimlete na Dalmas? Anayeongea ni yeye yule yule."

"Peres, dada yangu," akasema Philister, ambaye hakuwa mpole hivyo ila akikataa, "tukianza kuruhusu watoto, hapa patageuka soko."

"Na hawa?"

"Hawa ni ndege."

Peres akaenda kukoroga uji. Vifaranga wakanywa, wakashiba, wakalala. Mdogo wao akabaki macho, uji umemganda mdomoni.

"Mama, na mimi nakuja lini?"

Peres akampangusa kwa ncha ya aproni.

"Ota manyoya kwanza, baba."