Jina Chini ya Khanga

...maana pini ya mwisho ilizama yote mpaka kichwani na Vitalia hakusikia kitu, akatazama chini akaona kitambaa cha namba kimeshika vizuri upande wa kushoto, vikwasi, zile pini za kufunga, viliisha mapema ndiyo maana waliochelewa wamegawiwa pini za fundi cherehani, na hii yake imeingia kwenye sponji, sponji ambayo aliikata mwenyewe kwenye godoro kuukuu la binti yake Beata akaishona ndani ya sidiria, na alipoinua macho akamkuta wifi yake Emiliana anamtazama kwa jicho lile la mtu anayekagua kuku sokoni, "wifi, umejichoma," "sijajichoma," "nimeona pini imeingia yote," "imeingia kwenye nguo, wifi," na papo hapo akaivuta khanga begani ikafunika kifua kizima, namba na maandishi, na nani atauliza, Julai ya Mbinga hii, watu wamejikunyata kwenye mstari wanapuliza viganja, ukungu bado umelalia mikahawa ng'ambo ya barabara, mwanamke kujitanda khanga juu ya fulana ya mbio ni jambo la kawaida kabisa, na Bwana amsamehe, badala ya kuushukuru uzima alioamka nao alikuwa anaushukuru ukungu... "Marehemu Tarsisi," sauti ya Katekista Othmar ikasikika kutoka kule langoni, na mstari mzima ukaitikia, "apumzike kwa amani," na viatu vya katekista vikakwaruza kokoto, hatua moja, kifua kinachofuata. Anakuja huku. Hakuna aliyemtuma. Jana yule nesi wa kamati alisimama na kipaza sauti akaeleza kwamba mbio hizi ni za kuchangia utafiti wa kansa, kila mmoja aandike kwenye kitambaa jina la mtu wake, lakini kipaza sauti kilikuwa kinakoroma, na watu wakaelewa wanavyoelewa siku zote, kwamba jina unaloandika ukalipeleka kwa watu wa kanisa ni jina la marehemu, si ndivyo ilivyo kila Novemba, vikaratasi kwenye kapu chini ya altare, padri anasoma mpaka anapigwa na kikohozi, kwa hiyo leo uwanja mzima umevaa marehemu vifuani, NAKIMBIA KWA AJILI YA, na chini yake babu, na shangazi, na mwalimu fulani, na Othmar mtu wa Mungu hawezi kulipita jina la marehemu bila kuliombea, hata liwe limeandikwa kwenye gunia. Na Vitalia ameandika Vitalia.

Aliandika jana mchana, pale mezani, kalamu nene ilikuwa inanuka kama mafuta ya taa, Emiliana kamwinamia sikioni, "andika Sista Hildegardi kama mimi, yule aliyetufundisha kushona, hana binti wa kuolewa," na wifi alisema kwa nia njema, hilo lazima likubaliwe mbele za Mungu, Emiliana ndiye aliyelala sakafuni hospitalini siku zote zile, ndiye aliyemwaga maji machafu bila kuziba pua, ila Emiliana anaamini jambo lisilotajwa halipo, na Vitalia akasema ndiyo wifi, nitaandika, akamgeuzia mgongo, na mkono ukaandika ulichoandika, na sasa kimeganda pale kwenye sponji... "Marehemu Alphonce," "apumzike kwa amani," na aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote yuko hapa hapa kuliani kwake, mama Aidan, Edina wa Chiwanda, raba nyeupe, kilemba cha kijani, amepanda milima jana na kiroba cha usipa mkavu, dagaa wa ziwani, na maneno ya posa, mwanawe Aidan amempenda Beata, na leo mbio zikiisha wakubwa watakaa nyumbani wazungumze, Mwanglikana wa ziwani lakini sala za marehemu anazijua kuliko Wakatoliki, na mwenyewe hakuandika jina kwa sababu, alisema, kwao ugonjwa huo haupo, alisema hivyo akitabasamu, mtu mwema tu, hana neno, na jana kwenye ugali akauliza, kama anavyouliza mama yeyote anayeozesha mtoto, "na bibi yake huyu binti, aliyemzaa mama Beata, alifariki kwa nini?" na kabla tonge halijashuka kooni kwa Vitalia, Emiliana amekwishajibu, "malaria, ile ya zamani, kali," na mama Aidan akatikisa kichwa, pole, na wote wakachovya mchuzi, na Beata akasogeza sahani ya usipa karibu na mkwe wake mtarajiwa, macho chini, furaha imemjaa mpaka masikioni. Malaria. Marehemu mama yake mzazi, Ottilia, kule Kitura, kitanda cha kamba, dirisha limezibwa na gunia, Vitalia msichana wa kuchemsha maji na kutwanga majani, na harufu, ee Mungu, ile harufu ambayo ubani wenyewe ulishindwa nayo, na nyumba nzima ikiambiwa ni jipu, jipu la kifuani, halijaiva, likiiva litapasuka atapona, na wanawake waliokuja kuangalia wakisema bado halijaiva, tungoje, wakangoja, akafa likiwa halijaiva. Kwa hiyo ilipokuja zamu yake, yuko kilimani anachimba ngolo, yale mashimo ya kupandia yanayozuia maji, amechutama, titi la kushoto limegusa goti na akasikia kitu kidogo ndani, kama punje ya kahawa kwenye ganda lake, alisema nini? Alisema jipu. Akangoja liive. Mikahawa ikachanua ikavunwa, ikachanua tena, na yeye anangoja, kwa sababu neno alilopewa lilikuwa neno la kungojea... "Marehemu Ephrasia," "apumzike kwa amani," vifua vitano sita hivi vimebaki, asihesabu, kuhesabu kunamtia baridi.

"Katekista anatuchelewesha," kijana mmoja nyuma akanung'unika, "mpaka amalize kuwaombea hawa wote na sisi tutakuwa tumejiunga nao," na watu wakacheka chini chini, na mwingine akadakia, "na hela yenyewe ya utafiti, si wangenunua dawa, unatafiti nini, ugonjwa si huu hapa," na Vitalia karibu ageuke amjibu, kwa sababu yeye anajua wanatafiti nini, aliulizwa. Daktari yule kijana, baada ya Vitalia kukatwa titi, alivuta kiti akakaa, hakusimama kama wengine, akasema mama, tunataka kujua kwa nini ugonjwa huu unaingia nyumba fulani tena na tena, mama, binti, mjukuu, tukijua tutawahi, je, kwenu kuna mwingine? Na Emiliana akajibu, "kwao hakuna," na daktari akamtazama yeye Vitalia, akangoja kidogo, kalamu hewani, na Vitalia akaangalia ukuta. Daktari akasema haya, ni heri, maana angekuwepo ningetaka binti zako waje kupimwa mapema, wangali wazima. Ni heri, alisema. Sasa ona, Vitalia, ona ulivyo, miezi yote hii ulikuwa unaungama hasira na uvivu wa rozari, na kwamba ulimwonea wivu mke wa mwenyekiti kwa kifua chake, hayo yote uliyatoa, lakini ule ukuta uliouangalia hukuutaja, kwa sababu hukujua kama kuna dhambi inayoitwa kuangalia ukuta... na Beata yule kule kwenye kamba ya watazamaji, koti jekundu la mitumba, anapunga mkono, sijui anampungia mama yake au mama mkwe, mwezi uliopita aliuliza akiwa anachambua kahawa, mama, bibi alikufa na nini hasa, na Vitalia akasema jipu. Hakusema hata malaria. Alimpa mtoto neno lile lile, kama anayemrithisha kikapu, na siku Beata atakapoinama kwenye ngolo zake, iwe Kitura iwe huko Chiwanda kwenye muhogo wa watu, akasikia punje, atasema nini, atamwambia nani, atangoja liive, na mama Aidan huyu huyu mwenye raba nyeupe atakaa ukingoni mwa kitanda atasema bado, tungoje. Hapana. Sio Beata. Posa ivunjike, ng'ombe wa mahari wabaki kwao, usipa wabebe wote, lakini mtoto wangu hangoji jipu.

"Marehemu Jacqueline," "apumzike kwa amani," na kiatu kikakwaruza, sasa harufu ya kizibao cha katekista inafika, moshi na mafuta ya nywele, Emiliana akamfinya kiunoni, "funika vizuri wifi, akifika sema una baridi," na Vitalia akajibu ndiyo, kwa mazoea tu, mdomo ulijibu, ila mawazo yalikuwa kilimani na mume wake, Kilian, mwaka ule wa kidonda, mkono wake Vitalia wa kushoto haukuinuka kupita bega, na majirani wanauliza mbona mama Beata hachimbi, Emiliana anawaambia amejitegua, na kwa desturi ya huku mwanaume hufyeka majani akayapanga miraba, kuchimba ni kwa mwanamke, basi Kilian akafyeka, akapanga, akasimama akayatazama majani yake, halafu akashika jembe akaanza kuchimba mwenyewe, mchana, upande wa kilima unaoonekana barabarani, na wanaume waliotoka kilabuni wakasimama, "mama Beata, hujambo," wakimwita yeye Kilian, wakicheka mpaka wanashikana, na yeye hakunyanyua uso, "chekeni, mahindi hayajui nani kachimba," na akachimba mpaka kilima kikajaa mashimo. Hakuyafunika kwa matawi ili wasione. Mashimo yakakaa wazi juani, na mvua zilipokuja zile kubwa, maji yakaingia mashimoni yakatulia, na udongo haukuhama, na mahindi yakaja. Usiku mmoja Kilian aliweka kiganja pale palipokatwa, bila kuulizwa, akakiacha hapo mpaka usingizi ukamchukua, na yeye Vitalia akalala macho akiona aibu, aibu ya nini sasa, mwenye shamba mwenyewe haoni aibu. Na haya si majivuno, Bwana, au labda ni majivuno, Jumamosi nitayaungama, lakini leo ni leo.

"Marehemu Sista Hildegardi," Othmar akasoma kifuani pa Emiliana, na sauti yake ikalainika maana naye alimfahamu, "apumzike kwa amani," wakaitikia, na katekista akahamisha miguu akasimama mbele ya khanga, mzee mrefu, miwani mfukoni, "mama Beata, toa khanga tumwombee mtu wako," "ana baridi huyu, katekista," Emiliana akasema haraka, "mpite tu, Mungu anamjua," na ni kweli Mungu anamjua, Mungu alikuwepo Kitura, alikuwepo na pale ukutani, ila Beata hajui, na mama Aidan hajui, na Vitalia akaitoa khanga begani, taratibu, akaizungusha kiunoni akaifunga fundo la kwenda shamba, na baridi ikaingia kwenye fulana, ikampata upande mmoja, upande wa pili haikupata pa kushika. Katekista akainamisha uso mpaka karibu na kitambaa, "Marehemu Vi... Vita..." na akachomoa miwani mfukoni. Vichwa vya upande huu wa mstari vikageuka, lakini mama Aidan alikuwa anafuta raba yake umande, hakutazama, akaitikia peke yake kwa sauti yake ile ya kanisani, yenye nguvu, yenye imani, "apumzike kwa amani."

"Nitapumzika nikifika, mama Aidan."

Ilitoka bila hasira, kama mtu anayekataa chai, na Edina akainuka na leso mkononi, akasoma kitambaa, akasoma uso, akarudi kwenye kitambaa, na midomo ikatafuta, "si mlisema... malaria?" na Emiliana akasema "wifi," neno moja, pumzi tu, na Vitalia akasikia lile neno limekuja lenyewe mdomoni, zito, na akashangaa kwamba linatamkika, lina silabi mbili tu kama maji, kama mama, "kansa," akasema, kwa sauti ya kufika kwenye kamba, kwenye koti jekundu, "yangu, na ya mama yangu kabla yangu, na Beata atakwenda kupimwa," na mkono uliokuwa unapunga kule kwenye kamba ukabaki hewani. Hakumtazama mama Aidan kuona uso wake unakuwaje, huo ni uso wake mwenyewe, aubebe apendavyo, ashuke nao ziwani au akae nao mezani baadaye, Vitalia alitazama barabara, inapanda kidogo halafu inapotelea kwenye mikahawa, na mwenye filimbi bado anaifuta mdomo filimbi yake kwa shati, hajapuliza, ukungu haujapungua, watu wamesimama vile vile, na Katekista Othmar, mtu wa utaratibu, akafanya ishara ya msalaba isiyojulikana ni ya nini, akampita mama Aidan asiye na jina kifuani, akasogea kwenye kifua kinachofuata, "Marehemu Tobiasi," na kule mbali ambako hawakusikia lolote wakaitikia apumzike kwa amani, na kila walipoitikia, yeye Vitalia, kidole kikiwa juu ya pini isiyouma, alisema chini kwa chini, kama anayejaribisha miguu, bado, bado, bado...