Jina la Aliye Hai

Wanaodhani bibi kizee anayeishi peke yake hana kazi hawajamjua Hinda Kagan. Tangu mumewe afariki na ghala lao la magunia kule Clairwood kuuzwa, mama huyu wa miaka sabini na minane alikuwa na ratiba kumshinda waziri. Alfajiri, chai ya rangi kwenye glasi, tena ya moto wa kubabua ulimi. Saa mbili anatembea ufukweni na kofia yake, akiwakaripia wanaotupa maganda ovyo. Jumapili haondoki karibu na simu, kwa sababu binti yake wa pekee yuko Perth, Australia, na wajukuu watatu wanaozungumza naye harakaharaka kama waliobanwa na haja. Na Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, kuku awe ameiva, mishumaa iwe mezani, na nywele ziwe zimetengenezwa. Nywele ndizo zilikuwa kazi ya Laetitia.

Laetitia alikimbia Bukavu mwaka wa vita, tisini na sita. Alikuwa akisuka katika saluni ya Mama Odette katikati ya mji, na kila Ijumaa asubuhi alipanda hadi ghorofa ya saba, South Beach, kumfunga bibi rola. Kiingereza cha Laetitia kilikuwa cha kuokoteza, cha bibi kilikuwa na Kiyidi ndani yake, lugha ya Kiyahudi ya wazazi wake, lakini umbea hauna haja ya sarufi. Alimwita Koko, kama wanavyowaita bibi zao kule Kongo. Bibi alijifanya hapendi. Uongo mtupu! Hodi ile alikuwa akiingojea tangu Alhamisi.

Mimba ya Laetitia ilipokua, bibi hakumnunulia mtoto hata soksi, maana kwao Wayahudi kumwandalia asiyezaliwa ni kuita balaa. Laetitia alimdhania bahili, akameza. Siku mtoto alipozaliwa ndipo bibi alipokimbilia nyuzi, akafuma blanketi la manjano hadi vidole vikavimba, akalipeleka mwenyewe hospitali.

Ijumaa ya tatu tangu mtoto azaliwe wakaja wote watatu. Protas, mume wa Laetitia, ambaye siku zote humkuti ila ndani ya koti lake la kung'aa la walinda magari, leo amevaa suti. Hapo bibi angeshtuka mapema. Mtu havai suti kuja kunywa chai. Wakamkalisha kwenye kiti chake, wakamwekea mapajani mtoto wa kike, mnono, mwenye mashavu ya kufinywa. Protas akasafisha koo.

"Koko," akasema, "huyu ni wewe. Tumemupa jina yako. Anaitwa Hinda."

Wakangoja machozi ya furaha. Kule kwao Kongo hakuna heshima inayoizidi hiyo. Ukimpa mtoto jina la mtu, mtu huyo amekuwa wa damu yako, na mtoto anaheshimiwa kama yeye, hata baba mzazi anamwita mwanawe Koko na haoni ajabu.

Machozi hayakuja. Bibi alipauka kama karatasi. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu asije akamwangusha, akaanza kupiga kelele kwamba hapana, hapana, mvueni jina hilo, leo hii, sasa hivi. Kisha akamwinamia mtoto, akatema mara tatu. Tfu, tfu, tfu.

Jamani! Mwenyewe alikuwa anamlinda. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake kule Lithuania: jicho baya likimkaribia mtoto, unalitemea, na mate yenyewe wala si mate, ni pumzi tu. Lakini Laetitia angejuaje? Alichokiona ni mama wa kizungu aliyesikia jina lake limepewa mtoto mweusi, akamtemea mate. Katika nchi hii iliyotoka juzi tu kwenye utawala wa ubaguzi wa rangi, mwaka ule wa tisini na nane, nani angemwambia vingine? Akamnyakua mwanawe, machozi yakimlengalenga. Protas, muungwana yule, alikirudisha kiti alichokuwa amekalia mahali pake ndipo akatoka.

Bibi alibaki amekaa, hajui wamekimbia nini. Alipokuja kuelewa, kuku ameungua na lifti imeshuka zamani. Aibu ilimpanda hadi masikio yakawa moto. Lakini aibu ilikuwa cha mtoto. Kilichomtia kiwewe ni kwamba wameondoka na jina lake bado liko juu ya mtoto yule.

Utotoni alikuwa na mdogo wake wa kiume. Baba yao, mtu mbishi asiyeambilika, alimpa mtoto huyo jina la ami yao aliyekuwa hai na mzima wa afya. Majira ya baridi ami akaugua homa, watu wakakata tamaa. Ami akapona. Mtoto ndiye aliyekufa, ana miezi miwili. Mama yao hakumsamehe baba hadi anaingia kaburini. Alisema malaika wa mauti alitumwa kumchukua mwenye jina lile, akaingia nyumba iliyokuwa karibu. Hinda alikuwa na miaka sita, na mtoto alimwona walivyomfunika. Ndiyo maana Wayahudi wa kwao humpa mtoto jina la marehemu tu, mtu ambaye malaika hana tena shida naye. Na yeye sasa ana miaka sabini na minane, moyo wake unasukumwa na vidonge, malaika yuko njiani kama hajafika kwenye lifti.

Jumapili akamsimulia binti yake kwenye simu. Binti akacheka. Akacheka! Akasema mama, hizo ni habari za kale, mpelekee mtoto zawadi yaishe. Bibi akamkatia simu, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu binti ahame.

Jumatatu akavaa kofia, akashika njia ya mjini kwa miguu. Aliivuka robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, teksi zikampigia honi, hakusikia. Alipoingia saluni mashine za kukausha nywele zilizimwa moja baada ya nyingine, na wanawake wote wakamkodolea macho. Habari ilikuwa imefika kabla yake. Mama Odette akamuuliza kama amebakiza mate mengine.

Hakukaa, na hakuna aliyemkaribisha kiti. Akayasema yote akiwa wima, kofia mkononi: mdogo wake, ami yake, malaika, na mate yale yalivyokuwa kinga. Akasema hakulikataa jina kwa sababu ya rangi ya mtu, Mungu ni shahidi, alilikataa kwa sababu hataki mtoto azikwe badala yake. Anayetafutwa ni yeye. Akawaomba wambadilishie mtoto jina, wampe la mtu aliyekwisha kufa, apone.

Laetitia alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mteja, mtoto mgongoni, kitana hewani. Alipofungua mdomo hakupaza sauti.

"Majina ya wafu iko mengi, Koko. Mama yangu tulimuacha ndani ya pori. Dada yangu pia. Baba, sijui hata siku gani. Siku ya uchungu nilikuwa naita yote, moja moja, nichague. Hakuna mtu aliitika. Nikasema mtoto wangu atapata jina ya mtu mwenye nikimuita, anaitika. Kwa wazee wangu wote, mwenye amebaki kuitika ni wewe."

Miaka miwili mikono ya mwanamke huyu imekuwa kichwani mwa bibi kila Ijumaa. Bibi alijua kodi ya nyumba anayopanga, alijua mguu wa Protas unauma wapi. Hajawahi kumuuliza mama yake yuko wapi, hata siku moja.

Akanyoosha mikono. Laetitia alisita, kisha akafungua kitenge, akampa mtoto. Hofu haikuwa imemtoka bibi hata chembe, lakini habari ya kubadili jina hakuigusa tena. Akamwinamia mtoto sikioni, ila sauti aliitoa kubwa, hadi watu wa barabarani wakageuka, maana aliyekuwa akiambiwa si mtoto.

"Hinda unayemtafuta anakaa South Beach, ghorofa ya saba, mlango wa sabini na mbili. Ni mzee, yuko peke yake, na haendi popote. Huyu hapa mpite."